Tupeane uzoefu: Muvi za mashujaa na sizoni mpya, ipi unaiingia moja kwa moja na ipi inataka maandalizi?

MtuWaSizoni:
Wakuu, muvi ya mashujaa ikitoka maoni huwa mawili tu: "kali" au "imeboa". Ukiwahoji hao wa "imeboa", wengi wameingilia hadithi katikati. Mtu anaanza na The Marvels (2023) bila kuwajua wale wanawake watatu, akimaliza anasema mwandishi kachanganyikiwa. Kwa hiyo uzi huu una kazi moja. Ukitaja muvi au sizoni, sema inataka nini kabla yake, ina urefu gani na inakwamia wapi. Visa vya "siku hiyo nilikuwa nimejilaza sebuleni" tuviweke kando, na atakayetoboa mwisho wa hadithi tutaelewana vibaya.

Nafungua na Superman (2025). Dakika 129, haidai chochote. James Gunn kaanza upya na David Corenswet, kwa hiyo zile muvi za Henry Cavill kuanzia Man of Steel (2013) hazihesabiki hapa. Habari ya mtoto kuokotwa shambani haikusimuliwa tena. Badala yake kuna maandishi mwanzoni yanayoshuka hatua kwa hatua: karne tatu zilizopita, miongo mitatu, miaka mitatu, wiki tatu, saa tatu, hadi dakika tatu zilizopita alipopigwa kwa mara ya kwanza. Yasome. Ukiyaruka kwa kushika simu, nusu saa ya kwanza utaiona kama muvi iliyokatwa mbele. Udhaifu wake ni watu wengi kwa wakati mmoja: Green Lantern, Hawkgirl na Mister Terrific wanaingia kama vile umeshawazoea. Vipande viwili vya baada ya majina ya mwisho ni utani tu, unaweza kuondoka.

Binti_Bandarini:
Ukitoka Superman ukaenda Peacemaker sizoni ya pili (2025, sehemu 8), ambayo iko ulimwengu mmoja nayo, simama kidogo. Mpangilio sahihi ni The Suicide Squad ya 2021, Peacemaker sizoni ya kwanza (2022, sehemu 8), Superman, ndipo sizoni ya pili. Angalia mwaka kwa makini, maana kuna Suicide Squad nyingine ya 2016 ya David Ayer, na tofauti kwenye jina ni neno moja. Anayemfuata Peacemaker sizoni ya pili ni baba wa mtu aliyekufa kwenye ile ya 2021. Usipoijua, chuki yake itaonekana imetoka hewani.

Pia kuna jambo limewachanganya wengi. Mwisho wa sizoni ya kwanza walitokea Justice League, wakiwemo Aquaman na Flash wa enzi zile. Muhtasari unaofungua sizoni ya pili umewaondoa na kuweka kundi la kwenye Superman. Kumbukumbu yako iko sawa, ni wao waliobadili, kwa sababu ulimwengu wa zamani umefungwa.

Creature Commandos (katuni, sehemu 7, Desemba 2024) si lazima, ila huyo baba yumo.

Kobe wa Ukutani:
Hizo za juu ni za DC. Upande wa Marvel, kampuni shindani, mwaka 2025 ulitoa muvi tatu, na mzigo wake haulingani hata kidogo.

Captain America: Brave New World ndiyo nzito. Matangazo yanakufanya udhani uliyeiona Avengers: Endgame (2019) umejitosheleza. Hapana. Inategemea mambo matatu yaliyosahaulika: The Incredible Hulk ya 2008 (yule mwanasayansi Sterns na Jenerali Ross wametoka huko), The Falcon and the Winter Soldier (2021, sehemu 6, ndiko Sam Wilson anakoikubali ngao ya Captain America na ndiko alikotoka Mzee Isaiah), na Eternals (2021), ile iliyoacha jitu la mawe limechomoza kwenye Bahari ya Hindi. Ndiyo, bahari yetu hii. Mgogoro wote wa Brave New World ni nani achukue madini ya hilo jitu. Ross ni Harrison Ford, kwa kuwa William Hurt aliyemwigiza zamani alifariki 2022. Mwenye haraka aangalie ile ya Falcon tu, Eternals asome muhtasari. Muvi yenyewe ni ya wastani. Sehemu nyingi wanaongea kukukumbusha mambo ya muvi nyingine.

Thunderbolts* ni bora mara mbili. Inataka Black Widow (2021) na hiyo hiyo ya Falcon. Ghost katoka Ant-Man and the Wasp (2018) lakini anafahamika bila hiyo. Kipande cha mwisho kabisa msikiache, ni kirefu na ndicho kinachounganisha na muvi inayofuata.

The Fantastic Four: First Steps haidai kitu, haifiki saa mbili. Ni ulimwengu mwingine, mtindo wa miaka ya 1960. Ukiwa na mgeni asiyejua Marvel kabisa, mpe hii.

Sijali_Mashujaa:
Na ile muvi ambayo Spider-Man watatu wanakutana? Nimeambiwa maandalizi yake yanahitaji wiki nzima.

Kobe wa Ukutani:
No Way Home (2021, dakika 148). Haihitaji wiki, mkuu. Kamili ni saba: 2002, 2004, 2007, 2012, 2014, kisha Homecoming (2017) na Far From Home (2019). Ukitaka kubana, ondoa ya 2007. Ya 2014 usiiondoe hata kama ni dhaifu, kuna tukio la No Way Home linalolipa deni la mwisho wake, na bila hilo utashangaa kwa nini watu ukumbini walilia. Far From Home nayo inaishia sekunde ile ile No Way Home inapoanzia.

Binti_Bandarini:
WandaVision (2021, sehemu 9) iingie kwenye orodha ya "vumilia". Mwanzo ni vichekesho vya runinga ya zamani, nyeusi na nyeupe, picha ya mraba. Watu huacha kwenye ya pili. Maelezo yanakuja sehemu ya nne. Na mtu asiitazame Doctor Strange in the Multiverse of Madness (2022) kabla yake: Wanda wa muvi ile bila sizoni hii ni mtu aliyebadilika tabia bila sababu.

Juma_wa_Swali:
Nimeweka Zack Snyder's Justice League, kuna vibao vyeusi kulia na kushoto. TV imeharibika?

FundiKioo:
Haijaharibika, ndugu. Ile ya 2021 imetolewa kwa umbo la 4:3, lile la TV za zamani, makusudi, dakika zote 242. Ukibonyeza "zoom" ili ijae kioo unakata vichwa juu na miguu chini. Iache. Kama saa nne ni nyingi, imegawanywa kwa sura zenye vichwa, unaweza kupumzika kwenye kichwa chochote. Usiichanganye na Justice League ya 2017 yenye saa mbili tu. Hadithi moja, muvi mbili tofauti. Batman v Superman (2016) nayo chagua toleo refu la dakika 182. Katika la sinema, dakika 151, kisa cha kile kijiji cha Afrika kimekatwa mpaka hujui Superman analaumiwa kwa lipi.

Kwa kuwa tumefika kwenye kioo, malalamiko mengine matatu ya kila siku:

Maneno hayasikiki, milipuko inapasua masikio. Sauti imetengenezwa kwa spika sita, na mazungumzo hukaa kwenye ile ya katikati. TV yenye spika mbili huyachanganya na mengine yakamezwa. Ingia kwenye menyu ya sauti ya muvi, chagua stirio (spika mbili) badala ya 5.1 (hiyo ya spika sita). Kama haipo, washa hali ya usiku kwenye TV. Inapunguza kelele na kuinua sauti ndogo.

Picha imepauka kama imepigwa vumbi. Hiyo ni faili ya HDR, yaani yenye mwanga na rangi pana zaidi, kwenye TV isiyo ya HDR. Kuongeza rangi hakusaidii, tafuta toleo la kawaida. Ikiwa sauti ipo na picha haipo, mara nyingi ni mfumo wa kubana video wa H.265 ambao TV za zamani hazifungui.

Maandishi ya chini hayaendani na sauti. Kwanza jua ni kosa la aina gani. Kama yamechelewa sekunde zile zile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta tumia vitufe vya G na H, kila mbofyo ni milisekunde 50, moja huyawahisha nyingine huyachelewesha. Lakini kama mwanzoni yako sawa kisha yanazidi kutangulia, maandishi ni ya picha 25 kwa sekunde na video ni ya 24. Yanatangulia kama sekunde mbili na nusu kila dakika, kwa hiyo baada ya saa moja ni dakika mbili na nusu. G na H hazitibu hilo, tafuta maandishi ya toleo lako. Na faili la maandishi liwe folda moja na video, jina lile lile herufi kwa herufi, la sivyo TV nyingi hazilioni.

Mama_Katuni:
Wazazi, Invincible (2021) ni katuni, lakini SI ya watoto. Rangi zake zinadanganya. Sehemu ya kwanza inaonekana salama mpaka mwishoni, majina yakishaanza kupita, ndipo damu inapomwagika, na ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Watu wazima nao huzima mapema wakasema ni ya kitoto. The Boys (2019) ni zaidi, humo hakuna hata dakika kumi za kuangalia na familia. Weka namba ya siri kwenye profaili yako, na umri wa profaili ya mtoto uupange mwenyewe. Kumwambia "hiyo usifungue" ni kumwonyesha mlango.

MtuWaSizoni:
Naongezea The Boys: kati ya sizoni ya tatu na ya nne kuna Gen V (2023, sehemu 8). Kile kirusi kinachogombaniwa sizoni ya nne kimetoka huko.

Otis wa Eastlands:
Huku Nairobi muvi nyingi za mapigano watu wamezijua kupitia DJ Afro anayezisimulia kwa Kiswahili, kama Tanzania walivyo na DJ Mark na Uganda na ma-VJ wao wa Kiganda. Msidharau, ila mjue inafaa wapi. Msimulizi ni mmoja, anaongea juu ya sauti zote na anaongeza utani wake. Muvi ya kufukuzana na ngumi inapata ladha zaidi. Lakini The Penguin (2024, sehemu 8) utaipoteza yote, maana nguvu yake ni jinsi Oz, yaani Penguin mwenyewe, anavyodanganya kwa maneno, na uongo ukisimuliwa na mtu wa pembeni haubaki uongo. Hiyo sikiliza sauti ya asili. Tazama kwanza The Batman (2022, dakika 176), kwa sababu sizoni inaanza wiki moja hivi baada ya mafuriko ya mwisho wake. Batman mwenyewe usimsubiri. Sehemu ya nne ya Sofia Falcone ndiyo bora kuliko zote, na wanaoishia ya pili hawaifikii.

Black Panther (2018) nayo, wenye kutazama bila maandishi: Kixhosa wanachoongea Wakanda kina tafsiri fupi zake. Kama toleo lako halizionyeshi, washa maandishi, zile si mapambo.

Sijali_Mashujaa:
Tuje kwa sisi tusiotaka watu wanaoruka. Squid Game: sizoni ya kwanza (2021, sehemu 9) inasimama yenyewe. Ya pili (Desemba 2024, sehemu 7) na ya tatu (Juni 2025, sehemu 6) zihesabiwe kitu kimoja. Ya pili inakatika katikati ya vurugu, na hasira nyingi zilitokana na hapo tu. Chagua sauti ya Kikorea na maandishi ya Kiingereza ya kawaida, yale yenye alama ya CC aghalabu yanafuata sauti iliyotafsiriwa, hivyo midomo na maneno havikutani. Wageni wenye barakoa za dhahabu ni waigizaji dhaifu katika lugha yoyote, hapo hakuna mpangilio wa kuokoa.

La Casa de Papel: ile ya kwanza kwenye runinga ya Hispania mwaka 2017 ilikuwa sehemu 15 ndefu, Netflix wakaikata upya kuwa 22. Ndiyo maana baadhi ya sehemu zinaishia mahali pa ajabu.

Juma_wa_Swali:
Bando je? Sizoni moja inakula kiasi gani?

FundiKioo:
Kwa Netflix kwenye akaunti: kiwango cha chini ni hadi GB 0.3 kwa saa, cha kati 0.7, HD hadi 3, 4K hadi 7. Sehemu nane za saa moja kwa kiwango cha kati ni kama GB 5.6, kwa HD zinafika 24. Simuni kuna kuokoa data, saa sita kwa GB moja, na kwa kioo cha simu inatosha. Ukiacha "otomatiki" kwenye TV yenye intaneti kali, itapanda yenyewe hadi juu kadiri kifurushi chako kinavyoruhusu. Pakua ndani ya programu ukiwa kwenye waifai, ila angalia tarehe ya kuisha muda.

Kobe wa Ukutani:
Kabla sijasahau, Daredevil: Born Again (2025, sehemu 9). Mtaona sehemu ya kwanza na mbili za mwisho zina uzito mmoja, za katikati zina mwendo mwingine. Sababu ni kwamba kazi ilisimama 2023, waandishi wakabadilishwa, na hizo tatu zikatengenezwa upya kuzunguka zilizokwisha kupigwa. Kabla yake kuna sizoni tatu za Netflix (2015 hadi 2018), 13 kila moja. Asiyeweza zote atazame ya kwanza na ya tatu, lakini ya tatu inaanzia pale The Defenders (2017, sehemu 8) ilipoishia, hivyo aone angalau sehemu yake ya mwisho.

Binti_Bandarini:
House of the Dragon nani anaianza? Sizoni ya kwanza (2022, sehemu 10) inaruka miaka, na kwenye sehemu ya sita Rhaenyra na Alicent wanabadilishwa waigizaji. Andika majina ya watoto kwenye karatasi kuanzia hapo, wengi wanafanana majina na nywele.