Eti mguu wangu ndio uliokosea!

Mkimbiaji wa Himbi:

Ndugu zangu wa Goma, ninaandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, mguu wa kushoto ndani ya beseni la maji ya chumvi, na hasira yangu haijatimiza hata saa moja. Mtu mwenyewe simtaji, maana hana haja ya kutajwa. Ni yule muuza viatu anayetundika baskete, yaani raba, mbele ya kibanda kama vichane vya ndizi, anayekuita "mama mpenzi" kabla hujalipa na "wewe mama" ukishalipa. Mnamjua. Nusu ya mji huu inachechemea kwa ajili yake.

Leo asubuhi, mbele ya motari wawili wa pikipiki za abiria, msukuma chukudu mmoja, lile gari la mbao la magurudumu mawili, na mama muuza samaki wadogo wa sambaza, amenitazama usoni akaniambia: "Mama, kiatu hakina kosa. Mguu wako ndio uliokosea."

Mguu wangu! Niliozaliwa nao, uliobeba watoto watatu na magunia ya makaa yasiyohesabika, leo umekosea kwa sababu ya raba ya dola 28.

Nianze Jumamosi. Nilikwenda nikamwambia kwa Kiswahili kisicho na kona kwamba ninataka raba za kukimbilia, namba 39. Hakuniuliza ninakimbia wapi wala umbali gani; aliingia ndani akatoka na jozi ya rangi ya waridi, kwani kwa imani yake mwanamke hukimbia kwa rangi. Chini ya soli kulikuwa na kikaratasi cha kunata, na juu yake 39 iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Nilivaa cha kulia nikatembea hatua tatu, nikahisi kisigino kinapanda na kushuka kama ndoo kisimani. Akasema kitazoea. Sikumwuliza ni nini kitakachozoea, na hapo ninakiri uzembe wangu.

Jumapili alfajiri nikatoka Himbi. Nilipofika mzunguko wa Signers, mimi nilikuwa nimefika lakini visigino vya raba vilikuwa bado njiani. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa unapiga kelele, kwa hiyo nikakaa juu ya jiwe la volkano, nikavua, nikaingiza mkono. Huko mbele, penye vidole, nikatoa ukurasa mzima wa gazeti uliokunjwa mara nne, wenye matokeo ya mpira. Kisha nikainua ulimi wa kiatu nikaisoma namba ya kiwandani: 41, sentimita 26, kiatu cha kiume. Namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili za sentimita, hivyo namba mbili ni milimita 13 na ushei. Pale mbele palibaki chumba cha kupangisha, na mpangaji alikuwa gazeti.

Urefu peke yake ningeuvumilia. Lakini mguu wa mwanamke si mguu wa mwanamume uliofupishwa: kwa kawaida kisigino chetu ni chembamba ukikilinganisha na upana wa sehemu ya mbele, na ndiyo maana kiatu cha kiume kikikutosha vidoleni kinakupwaya nyuma, hata kikipakwa rangi ya waridi mpaka kwenye kamba. Katika mji ambao nusu ya njia zake ni mawe meusi yenye meno, kisigino kinachopwaya ni kifundo cha mguu kinachosubiri kuteguka.

Mwaka 1966 mwanamke Mmarekani, Bobbi Gibb, alikimbia marathoni ya Boston kwa viatu vya wavulana, kwa kuwa vya wanawake havikuwa vikiuzwa, akamaliza na malengelenge. Yeye alikosa cha kununua. Mimi nimenunua, nimelipa, na nimeambiwa kwamba mguu ndio uliokosea.

Leo nimemrudishia raba pamoja na gazeti lake. Raba hakuzipokea. Gazeti alilichukua, akalinyoosha juu ya goti, akaanza kusoma. Ni hapo, bila kuinua macho, alipolitoa lile neno lake. Na yule mama wa sambaza akacheka!

Nani mwingine ameambiwa hivi? Jitokezeni.

Motari Mstaafu:

Pole sana, dada. Lakini nisaidie jambo moja: umekimbia kutoka Himbi hadi Signers na ukurasa mzima wa gazeti kiatuni, nawe hukuhisi kitu? Na huo ulimi wa kiatu, ulishindwa nini kuuinua Jumamosi? Huenda yule bwana alikosea mguu tu. Alitaka kusema macho.

Binti Keshero:

Usimcheke, baba, kwa maana mimi pia nimepita mikononi mwake. Nilikuwa ninavaa 38 tangu shuleni, na baada ya mtoto wa pili viatu vyote vikaanza kunibana. Mkunga alinieleza kwamba ujauzito hulegeza kano za mguu, unyayo ukashuka na mguu ukarefuka, na mara nyingine haurudi ulivyokuwa. Nilipomweleza huyo bwana kwamba sasa ninahitaji 39, alinijibu mbele ya mume wangu kwamba mguu haukui, ila mwenyewe ndiye aliyenenepa. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Siku hizi ninao wawili wa kununia.

Mzee wa Katindo:

Nyinyi wanawake wa leo mnadekeza nyayo. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila kiatu chochote. Mmoja analia na kisigino, mwingine analia na mume!

Kocha wa Jumapili:

Shikamoo, mzee. Bikila alikimbia peku Roma kwa sababu viatu alivyopata kule havikumkaa vizuri miguuni, yaani aliukataa mchezo huu huu ambao dada yetu ameuziwa. Mwaka 1964 alikwenda Tokyo, akavaa viatu vilivyomkaa, akashinda tena. Wewe vua vyako kesho, utembee juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 mpaka kwenye uwanja wa ndege, nasi tutakungoja na beseni.

Kwa dada aliyeanzisha mazungumzo haya: raba hununuliwa jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana, na ukiwa na soksi zile zile unazokimbilia. Vaa miguu yote miwili, kwa kuwa ni nadra ilingane, na uufuate ule mkubwa. Ukisimama wima, mbele ya kidole kilicho kirefu kuliko vingine ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kikipanda kidogo tu, pitisha kamba katika lile tundu la mwisho ambalo watu huliacha wazi wakidhani ni pambo, utengeneze kitanzi kila upande, uivushe kila kamba ndani ya kitanzi cha upande wa pili, na utaona kiatu kinavyokushika. Na kwa kuwa wengi wetu tunanunua mitumba, bonyeza soli pembeni kwa kidole: ikiwa ngumu kama mkate wa juzi, au ikiwa na mikunjo mingi myembamba, sponji imekufa hata kama juu kunang'aa. Raba ya mbio hudumu kilomita 500 hadi 800 hivi, na aliyeivaa kabla yako hakukuachia hesabu. Zaidi ya yote, isiyokukaa vizuri mguuni pale pale kibandani haitakukaa vizuri barabarani. "Kitazoea" si kipimo.

Mkimbiaji wa Himbi:

Asante, kocha, na kitanzi nitakijaribu. Ila ninaona hakuna aliyeligusa neno lenyewe. Aliniambia mguu ndio uliokosea. Huku anasoma gazeti!

Mama Pacha wa Majengo:

Afadhali wewe uliyetukanwa tu. Mimi nilimpelekea fundi wa viatu wa mtaani kwetu raba yangu iliyobanduka soli, akaitia soli ya tairi la pikipiki. Cha kushoto sasa ni kizito kuliko cha kulia, na ninapokimbia ninajikuta ninakata kona. Mvua ilipoacha kunyesha, mume wangu aliona alama za tairi kutoka langoni mpaka mlango wa chumba cha kulala, akaniuliza ni motari gani ameingia ndani. Tumefika hadi kwa shangazi zake.

Motari Mstaafu:

Hapo ninamtetea mume. Lakini soli yenyewe inashika kwenye mawe?

Mama Pacha wa Majengo:

Inashika kama kupe. Huu ni mwezi wa nane tangu aitie na bado haijaanza kulika. Kwa mbio ndefu ni ngumu mno, magoti yatakusimulia, ila kwa kupanda na kushuka njia zetu hizi haina mpinzani.

Mkimbiaji wa Himbi:

Jamani, mazungumzo haya nimeyaanzisha mimi. Nilikuwa ninasema kwamba mbele ya motari wawili na msukuma chukudu…

Binti Keshero:

Dada, subiri kidogo. Mama Pacha, huyo fundi anashona raba nzima au anabadilisha soli tu? Na namba 39 anayo?

Mama Pacha wa Majengo:

Huyo hana habari ya namba. Anakusimamisha juu ya katoni, anauzungushia mguu wako kalamu, wa kulia na wa kushoto, kisha anakata kufuata mstari. Kwake hakuna cha kike wala cha kiume.

Mzee wa Katindo:

Na bei yake?

Mama Pacha wa Majengo:

Mtapatana. Ila nendeni mapema, akishakunywa chai ya saa nne mstari wa kalamu unaanza kupinda.

Mkimbiaji wa Himbi:

Yuko barabara gani?