Naomba ushauri: maji ya jibini yanaweza kuwasha jeni za kuvu yangu?

Habari zenu wakubwa na wenzangu. Niko Goma, namalizia utafiti wa shahada juu ya kuvu Trichoderma reesei na mabua ya mahindi. Nikiiwekea glukosi ili iote haraka, inasitawi kweli, lakini kipande cha karatasi ya kuchujia nilichotumbukiza kwenye chupa hakiguswi, kinabaki na kona zake zote. Sababu naijua: glukosi ikiwepo, protini CRE1 huzima jeni za vimeng'enya vya kuvunja selulosi (kiini cha nyuzi za mimea, na ndiyo inayounda karatasi), hata ile ya XYR1, protini inayoziwasha. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, nayo huziwasha, na huku kwetu ipo: jibini ya Masisi ikishagandishwa hubaki maji ya manjano yanayoelekea kijani, na mengi humwagwa tu.

Aliyewahi kuyatumia anisaidie jamani. Niyachemshe nichuje protini kwanza? Yakiwa yameshachachuka, nirekebishe hadi pH ngapi? Na je, nikuze kwanza kwa gliseroli (chakula kisichozima wala kuwasha jeni hizo), nioshe nyuzi za kuvu, ndipo nihamishie kwenye laktosi? Hili la mwisho ndilo linaloniumiza kichwa zaidi, maana umeme ukikatika kabati la joto linapoa, na kurudia kila kitu ni gharama.