Ushauri: safari ya kwanza ya ski Japani, lugha tuliyo nayo ni Kiingereza tu

Mswahili_Deira
Salaam wadau. Mimi na mke wangu ni watu wa Mombasa, tunaishi Dubai. Ski tumejifunzia hapa hapa Ski Dubai, ndani ya jumba la maduka, ambako mteremko mrefu kuliko yote ni mita 400. Kusimama tunasimama, kona tunakata, ila mlima wenyewe hatujauona. Tunataka kwenda Japani mwezi wa kwanza, kabla ya Ramadhani. Kijapani hatujui hata kuomba maji. Kila ninayemuuliza ananiambia Niseko, kule kisiwa cha Hokkaido, eti Kiingereza kimejaa. Bei za hoteli zake zimenitoa jasho kwenye kiyoyozi. Hakuna pengine? Na chakula je? Halafu nasikia huko watu wanaoga uchi pamoja, mke wangu ameshaanza kusitasita.

BintiHokkaido
Niseko haisifiwi bure, kaka. Upepo wa Siberia unavuka Bahari ya Japani, unabeba unyevu, ukigonga milima ya huku unaumwaga wote. Theluji inashuka laini kama unga wa sembe, na Januari inaweza kuanguka siku baada ya siku. Hirafu, upande wa Niseko wenye shughuli nyingi, utaagiza kahawa kwa Kiingereza ujibiwe na Mwaustralia. Kama bei inauma, laleni upande wa Annupuri: kumetulia, miteremko mipana, na kuna tiketi inayotumika pande zote nne za mlima. Kutoka uwanja wa New Chitose ni basi la saa mbili na nusu hadi tatu, wekeni nafasi mapema.

Mzee_wa_Nagano
Napinga kidogo. Ndege yenu inatua Tokyo, Hokkaido ni ndege nyingine tena. Nendeni Hakuba, bonde la ski mkoani Nagano: mnapanda shinkansen, treni ya kasi, hadi Nagano, kama saa moja na nusu, halafu basi saa moja na ushee. Watalii wa kigeni ni wengi, Kiingereza kipo. Ila msidanganywe na jina la Happo-One, mlima mmoja wa pale Hakuba, kwa kuwa mbio za Olimpiki za 1998 zilifanyika pale. Kuna miteremko mikali. Nyinyi ni watu wa Tsugaike, kituo kingine cha bonde hilo hilo, chini kule ni uwanda mpana wa wanaoanza.

Na hofu yenu ya lugha mmeiweka pasipo pake. Kwenye lifti za kupandisha watu mlimani hakuna anayeongea, na vibao simu inavitafsiri kwa kamera. Lugha inahitajika kwa mwalimu. Walimu wa Kiingereza huisha mapema, hasa Krismasi na Mwaka Mpya wa Kichina. Mimi ningemlipia mwalimu kwanza, ndipo nikate tiketi ya ndege.

Mama_Leicester
Dada asisitesite. Mabafu ya chemchemi mengi yanatenga wanaume na wanawake, lakini nguo ya kuogelea hairuhusiwi hata kidogo. Tafuteni nyumba ya wageni yenye "kashikiri", bafu la kukodi familia peke yenu, mnajifungia mlango. Mnakaa kwenye kigoda, mnajisugua na kujisuuza kwanza, ndipo mnaingia majini.

Chakula ndiyo kazi. Supu ya rameni mara nyingi ni mifupa ya nguruwe, na michuzi mingi ina mirin au sake, pombe za mchele, hata kwenye samaki. Chukueni chumba chenye jiko, mnunue vitu kabla ya kupanda mlimani. Pilipili yenu mbebe.

Mswahili_Deira
Mungu awabariki. Navaa viatu namba 46, vya kukodi nitapata?

Mzee_wa_Nagano
Huko wanapima kwa sentimita, wewe ni kama 30, na hizo ni chache dukani. Waandikie mapema. Glavu na miwani ya theluji nunueni kabisa, kwa kawaida hazikodishwi. Mabegi makubwa yaachieni kaunta ya takkyubin, huduma ya kusafirisha mizigo, pale uwanja wa ndege, mtayakuta hotelini kesho yake au keshokutwa.

Kijana_Embakasi
Mmesahau viza! Pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya Japani, hata kama unaishi Uarabuni. Na dawa za mafua angalieni: zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 haziingii nchini.

BintiHokkaido
Kamba zilizofungwa mlimani msizivuke, hata mkiona nyayo za watu upande wa pili. Chukueni bima inayotaja ski na uokoaji kwa jina.

Mswahili_Deira
Basi Tsugaike. Mwalimu nimeshamwandikia. Mzee, nitafute nyumba karibu na lifti au mjini Hakuba?

Mzee_wa_Nagano
Karibu na gondola, ile lifti ya vibanda. Mjini mtategemea basi kila asubuhi, na viatu vya ski havitembeleki.