Tunafungua msimbo wa programu tunayoiuza: leseni ipi, na tuanzie wapi?

Muuliza swali, Chumbageni, Tanga

Ndugu zangu, salaam. Kampuni yetu ndogo inauza programu ya hesabu za mashamba ya mkonge: mizani, malipo ya wakataji na madeni ya wanunuzi. Wakurugenzi wamekubali tuuweke wazi msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, nasi tuendelee kuishi kwa kuwasakinishia wateja programu, kuwafundisha na kuwahudumia. Hofu yao ni kwamba kampuni kubwa itauchukua, itauweka kwenye seva zake na kuuza huduma ileile bila kurudisha chochote. Je, leseni inaweza kuwakataza washindani wetu? Na tukipata hasara, tunaweza kuufunga tena? Niongeze kwamba sehemu ya kuchapa ripoti tuliinunua kwa kampuni ya nje, na ile ya mishahara iliandikwa na kijana wa mkataba ambaye sasa yuko Dar es Salaam.

Mhandisi wa programu, Raskazone

Ndugu yangu, jambo ulilolitaja mwishoni kama nyongeza ndilo ninaloliona zito kuliko yote, kwa kuwa huwezi kutoa leseni ya kitu usichokimiliki. Yaelekea sehemu ya ripoti mlinunua ruhusa ya kuitumia, si haki ya kuigawa. Someni mkataba wake, na kama ndivyo ulivyo, iondoeni kabla hamjatoa mstari hata mmoja. Kampuni ya Netscape ilipotangaza Januari 1998 kwamba itafungua msimbo wa kivinjari chake, ililazimika kwanza kung'oa vipande vya kampuni nyingine, ndipo msimbo ukatoka tarehe 31 Machi. Kuhusu kijana, mtafuteni sasa, kabla programu haijapata umaarufu, atie saini hati ya kuwahamishia hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, na risiti ya malipo si hati ya kuhamisha haki.

Kuwakataza washindani mnaweza, ila hiyo haitakuwa programu huria, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia na kuibadilisha, kwa sababu masharti ya Open Source Initiative, shirika linaloeleza leseni ipi ni huria, hayaruhusu kubagua mtu, kundi wala aina ya shughuli. Hata hivyo hofu yenu ni ya kweli. GPL, leseni huria inayotumika sana, humdai mtu msimbo pale anapogawa nakala, kwa hiyo anayeiendesha programu kwenye seva yake mwenyewe hadaiwi. Ndugu yake, leseni ya AGPL toleo la 3, ya Novemba 2007, iliandikwa kuziba pengo hilo: aliyeibadilisha programu lazima awape msimbo wake hata wale wanaoitumia kupitia mtandao. Haimzuii kuuza, inamzuia kuficha maboresho. Ningechagua hiyo, kwani chini ya MIT au Apache, leseni huria zenye masharti mepesi, angeweza kuyaficha bila kuvunja sharti lolote.

Mshauri wa mikataba, Ngamiani

Naunga mkono, na nijibu la kufunga tena. Toleo mlilokwisha kulitoa kwa AGPL halirudi kwenu. Aliyelipokea na kuyatii masharti ana haki nalo daima. Matoleo yajayo mnaweza kuyabadilishia leseni, mradi hakimiliki yote iwe yenu. Kampuni ya HashiCorp ilipobadilisha leseni ya programu yake ya Terraform Agosti 2023, waliokataa walichukua msimbo uliokuwa bado huria, wakauendeleza kwa jina la OpenTofu. Kumbukeni pia kwamba kila mchangiaji wa nje hubaki na hakimiliki ya alichoandika, isipokuwa mmepatana naye kwa maandishi. Makubaliano hayo yatawawezesha kuuza leseni ya pili kwa asiyetaka AGPL, kama ilivyofanya kampuni ya hifadhidata ya MySQL kwa GPL, lakini wapo wachangiaji wema watakaokataa kuyasaini, na sioni kosa lao.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Je, jina la programu nalo linafunguliwa?

Mshauri wa mikataba, Ngamiani

Hapana. Leseni hizi hutoa haki juu ya msimbo. Jina ni alama ya biashara, nalo husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mwaka 2006 Debian, watoaji wa mfumo huria wa kompyuta, walilazimika kukiita kivinjari cha Firefox walichokigawa Iceweasel kwa sababu hiyohiyo, ingawa msimbo ulikuwa huria. Sajilini kabla ya kutangaza. Na kwa kuwa mnashika malipo ya wakataji, pekueni historia yote ya msimbo, si toleo la leo tu: nywila na majina halisi ya wafanyakazi yaliyotumika katika majaribio ya zamani yataonekana na kila mtu, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.