Nataka kuanza kufuatilia mtoano wa NBA, nishike timu gani?

Mwanjelwa_Sokoni:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa mpira wa miguu toka zamani, ila mdogo wangu anacheza basket shuleni hapa Mbeya na kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita kila asubuhi ananipa stori za NBA, nani kafunga ngapi nani katolewa, mimi nabaki namwangalia tu. Safari hii nataka tuangalie wote. Timu 30 ni nyingi, nasikia kuna Mashariki na Magharibi, nasikia timu inaweza kupigwa mechi tatu na bado ikabeba ubingwa, hapo ndo sielewi kabisa. Naombeni timu moja au mbili za kushika na niangalie nini.

Kihesa_Juu:
Kamwene mkuu. Iko hivi, kila timu inacheza mechi 82 za kawaida halafu kila kanda inatoa timu nane, sita za juu zinapita moja kwa moja, wa saba mpaka wa kumi wanagombania nafasi mbili zilizobaki. Baada ya hapo ni raundi nne, na kila raundi wanakutana walewale wawili mpaka mmoja ashinde mechi nne. Ndo maana unaweza kupigwa tatu ukabeba. Cleveland 2016 walikuwa nyuma 3-1 kwenye fainali na Golden State, timu iliyoshinda mechi 73 msimu ule, wakageuza ikaisha 4-3.

Ushauri wangu usishike timu, shika mpambano mmoja uufuate kuanzia mechi ya kwanza mpaka ya mwisho. Utaona mechi ya kwanza mtu anafunga anavyotaka, ya tatu hapumui, kwa sababu makocha wanakaa na video usiku kucha wanatafuta nani anakaba vibaya, wakishampata wanamletea skrini (mchezaji anasimama kuziba njia ya mkabaji) kila shambulizi mpaka abaki yeye na mfungaji wao mkali, basi kocha wake ama amtoe ama abadilishe ukabaji wote. Hapo ndo utamu wa mtoano ulipo, na mtu anayerukaruka leo timu hii kesho ile hauoni.

Mtoto_wa_Uyole:
Hapana wa Kihesa, bila timu moyo haudundi. Mtu wa Mbeya ashike Denver Nuggets. Mji wao uko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko kama 1,700, na unajua mwenyewe timu za Dar zikipanda Sokoine kipindi cha pili zinavyohema, Denver ni hivyohivyo, robo ya nne wageni miguu inakuwa mizito. Halafu kuna Nikola Jokić, Mserbia, mwaka 2014 timu zilipochagua wachezaji wapya yalitajwa majina 40 kabla ya lake, leo ana MVP tatu, yaani tuzo ya mchezaji bora, na 2023 kawapa ubingwa wao wa kwanza kabisa, 4-1 na Miami. Ni senta, yule mrefu wa kukaa chini ya goli, lakini timu nzima anaichezesha yeye, anasimama katikati na mpira mkononi, wenzake wanakata huku na huku, pasi inatoka kabla wewe hujaona nani yuko wazi. Mwangalie yeye usiangalie mpira.

Njombe_Baridi:
Jamani mnawasahau Oklahoma City Thunder. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa namba 2 na Memphis mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na baadaye kuanzia 2012 mpaka 2014 akavaa jezi ya Thunder, kwangu hiyo inatosha. Tena ndo mabingwa wa 2025, Shai Gilgeous-Alexander kabeba MVP ya msimu na ya fainali.

Ile fainali yao na Indiana itafute hata marudio. Mechi ya kwanza Indiana waliongoza sekunde 0.3 tu za mwisho, Tyrese Haliburton kapiga ikaingia, 111-110, ugenini. Halafu mechi ya saba, robo ya kwanza, yuleyule Haliburton akakatika mshipa wa kisigino, akawa anapiga sakafu kwa mkono. Mimi shabiki wa Thunder niliumia sana pale, kombe tumebeba lakini roho haikutulia.

Mwanjelwa_Sokoni:
Asanteni sana aisee. Na muda je? Naamka saa kumi na moja kwenda kufungua duka.

Dada_Mafinga:
Kaka muda usikutishe. Mechi nyingi huku zinaangukia saa nane usiku mpaka alfajiri, ila wikiendi za raundi ya kwanza wanacheza mchana wao, kwetu inakuwa saa mbili usiku na saa nne na nusu, anzia hizo. Na zile za Magharibi zinazochelewa zinaanza saa kumi na moja alfajiri, muda wako wa kuamka kabisa. Zilizobaki angalia vipande vya dakika kumi YouTube, bando halitaisha, ila mwambie mdogo wako asikutajie matokeo! Fainali ni saa tisa na kitu usiku na ni mwezi wa sita, baridi yetu unaijua, blanketi na chupa ya chai viwe karibu.

Mwanjelwa_Sokoni:
Basi Denver nimeichukua. Dogo yeye ni San Antonio ya Wembanyama, yule Mfaransa mrefu. Tunaweza kukutana fainali?

Kihesa_Juu:
Haiwezekani mkuu, wote ni Magharibi, mwisho wenu ni fainali ya kanda. Ila angalia nani kamaliza juu msimu wa kawaida, huyo anaanza nyumbani mbili, anasafiri mbili, halafu mojamoja. Denver wakimaliza juu yao, mechi ya saba San Antonio wanapanda mlima.