Kimashine cha kutyuni gitaa "chenyewe": 350,000 imeenda, na uzi umenikatikia jukwaani

Wakuu, nimepigwa. Na aliyenipiga hata simu hapokei.

Nilikiona mtandaoni. Unakivalisha kwenye ufunguo wa kukazia uzi, unapiga uzi, chenyewe kinasikiliza mtetemo halafu kinakaza au kulegeza mpaka sauti ikae. Tangazo limeandikwa "gitaa lolote, tyuning yoyote". Nikatoa 350,000, ya bodaboda mbali. Nyumbani nikakijaribu kwenye gitaa la mazoezi, nyuzi sita zikakaa ndani ya kama dakika moja. Nisiwe mwongo, nilikisifia mpaka mke wangu akauliza kama na kupika kinapika.

Ijumaa nikaenda nacho kwenye shoo Sinza, hapa Dar. Mimi napiga ridhimu, na gitaa langu la kazi nimelifunga mi-composé ile ya Wakongo: uzi wa nne natoa ule mnene wa noti ya D, naweka uzi mwembamba na kuukaza oktavu nzima juu. D ya kawaida inatetemeka kama mara 147 kwa sekunde (hezi 147), yangu ni 294. Wapiga rumba mnaujua ule mlio. Basi kimashine kikasikia 294, kikaona nimepotea, kikaanza kulegeza. Krrr, krrr, krrr. Nikadhani bado kinatafuta. Kikalegeza mpaka uzi ukaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Nikahamia uzi wa kwanza, maana huo hauna utata. Wakati huohuo mtu wa besi anajaribu spika zake, jukwaa la mbao lote linatetemeka. Sasa kifaa kinachosikiliza mtetemo, katikati ya bendi, kinamsikiliza nani? Kikakaza. Kikakaza tena. PAA! Uzi ukanipita pembeni ya jicho, na wa akiba sina. Seti nzima ya kwanza nimepiga na nyuzi tano, mwimbaji ananitazama kama nimemwibia mahari.

Narudi nyumbani usiku ndiyo nagundua: tyuning za kujipangia, kama hii yangu, zipo kwenye programu ya simu, na inataka ulipie tena. Kwenye tangazo hilo halipo!

Namwambia muuzaji, ananijibu: "Bosi, kifaa kizima, gitaa lako ndiyo halijafungwa kawaida. Boksi likishafunguliwa haturudishi." Sasa ningejuaje ni kibovu bila kufungua boksi? Nimemtumia video, tiki mbili za bluu, kimya. Jana kaniblock.

Na msije hapa na "ungetumia sikio". Sikio ninalo, miaka 16 linanilisha. Nilikinunua kwa sababu kati ya wimbo na wimbo kelele ni nyingi na muda hakuna, na hapohapo ndipo kimenitupa.

Aliyewahi kurudishiwa hela na muuzaji wa mtandaoni wa aina hii, alipitia wapi? Na mwenye uzi wa kwanza namba 10 wa akiba hapa Sinza anistue, Jumamosi tunapiga tena.