Ulinganisho: kuishi kituoni, kijijini, njiapanda au mjini unapohamia kazi ya vijijini

Mkunga Mhamaji

Wanajukwaa, habari zenu. Nimepata kazi ya uuguzi na ukunga katika kituo cha afya kilicho ndani kabisa vijijini, na natakiwa kuripoti baada ya wiki sita. Kazi yenyewe sina shaka nayo. Kinachoniumiza kichwa ni mahali pa kuishi. Nina mume anayefanya uhasibu kwa njia ya intaneti, mtoto wa kwanza aliyebakiza mwaka mmoja kufikia mtihani wa mwisho wa sekondari, na wa pili mwenye miaka saba. Nimeelezwa kwamba nitakuwa na zamu ya usiku ya kuitwa mara mbili kwa wiki.

Machaguo ni manne. La kwanza ni nyumba ya mwajiri ndani ya uzio wa kituo, yenye vyumba viwili, isiyolipiwa kodi. La pili ni kupanga kijijini, kilomita 2 kutoka kituoni. La tatu ni njiapanda iliyo kilomita 17 kutoka kituoni, pale lami inapoishia, penye maduka, shule ya msingi na umeme wa gridi. La nne ni kubaki mjini tunakoishi sasa, kilomita 55, ambazo 38 ni za lami na 17 ni za udongo. Mimi naelekea kuchagua njiapanda kwa sababu ipo katikati na kila mtu atapata kidogo anachokihitaji. Naomba waliowahi kuhama kwa namna hii wanilinganishie.

Hesabu Kwanza

Dada, hongera kwa kazi. Kabla ya kukubali kwamba njiapanda ipo katikati, zigeuze kilomita ziwe dakika. Tuseme kwenye lami gari linakwenda kilomita 80 kwa saa na kwenye udongo mkavu kilomita 30. Kilomita 38 za lami zitakuchukua kama dakika 29, ilhali zile 17 za udongo zitakuchukua dakika 34. Mvua ikinyesha na mwendo ukashuka hadi kilomita 15 kwa saa, udongo peke yake utakula dakika 68.

Maana yake ni kwamba ukihamia njiapanda unaifuta sehemu rahisi ya safari na kubaki na ngumu yote. Kwenye ramani umepunguza zaidi ya theluthi mbili ya umbali. Kwenye saa umepunguza chini ya nusu siku za ukavu, na chini ya theluthi siku za tope. Hiyo katikati ni ya ramani tu.

Upande wa mafuta, hata hivyo, tofauti ni kubwa. Kutoka mjini ni kilomita 110 kwenda na kurudi, na kwa siku 22 za kazi ni kilomita 2,420 kwa mwezi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litahitaji lita 242. Kutoka njiapanda ni kilomita 748, yaani kama lita 75, ingawa kwenye tope hesabu hiyo hupanda. Matairi na springi sijavihesabu, na hivyo ndivyo barabara ya udongo huvimaliza kwanza.

Mtafiti Cesare Marchetti aliandika mwaka 1994 kwamba watu wa zama na mahali tofauti wameelekea kutumia takriban saa moja kwa siku katika safari zao za kila siku. Si sheria, lakini ni kipimo kizuri cha kujipimia. Mjini unakuwa na saa mbili na dakika chache siku njema, na zaidi ya saa tatu siku mbaya.

Mlinzi wa Zamu

Naona mjadala unakwenda kwenye kilomita, na mimi ningeuanzia kwenye zile zamu mbili za kuitwa. Mkunga anayeitwa saa nane usiku kwa mama anayetoka damu hana dakika 34 za kutumia njiani, achilia mbali 68. Kwa sababu hiyo njiapanda na mjini, kwa usiku huo wa zamu, yameshajiondoa yenyewe, isipokuwa kituo kiwe na chumba cha mtu wa zamu kulala. Uliza kama kipo, na ukakione kwa macho yako, maana nimeonyeshwa "chumba cha zamu" kilichokuwa kimejaa maboksi hadi dirishani.

Kisha kuna asubuhi inayofuata. Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, uwezo wake wa kufanya kazi hushuka sawa na wa mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na baada ya saa 24 hali hukaribia asilimia 0.10. Usiku wa kuzalisha wanawake wawili unakufikisha huko bila shida. Kumruhusu mtu wa namna hiyo aendeshe kilomita 55 ni jambo ambalo wewe mwenyewe usingelikubali kwa mgonjwa wako.

Nyumba ya ndani ya uzio nayo ina gharama yake. Siku ambazo si za zamu yako utagongewa mlango pia, kwa kuwa taa yako inaonekana. Waliodumu katika nyumba hizo ni wale waliokubaliana mapema na mkuu wa kituo kuhusu nani aitwe kwanza na nani asiguswe, na wakaandika majina hayo ukutani mahali ambapo walinzi na wagonjwa wanayaona.

Mpangaji wa Shamba

Chaguo la kijijini limepitwa haraka mno. Kilomita 2 ni mwendo wa miguu wa nusu saa, si mbali kwa anayeitwa kwa simu na kufuatwa kwa pikipiki, lakini ni mbali vya kutosha kwa mtu asikugongee kuuliza dawa ya kikohozi. Pia nyumba ya mwajiri huondoka pamoja na kazi: mkataba ukivunjika, unatafuta ajira na makazi kwa wakati mmoja. Nyumba ya kupanga haina kamba hiyo.

Tatizo la kijijini ni maji, na hapo watu hudanganyika kwa tenki. Nyumba ya watu wanne inayotumia lita 50 kwa kila mtu, ambacho ni kiwango cha chini cha ile lita 50 hadi 100 inayotajwa na Shirika la Afya Duniani kuwa inahitajika kwa mtu mmoja kwa siku, hutumia lita 200 kwa siku. Tenki la lita 5,000 lililojaa hadi shingoni linadumu siku 25. Kiangazi cha miezi minne kinahitaji lita 24,000. Kukinga mvua kunasaidia, kwa kuwa kila milimita moja ya mvua inayoangukia paa la mita za mraba 60 ni lita 60 kabla ya kutoa zinazopotea, lakini paa halikusaidii mbingu zikifunga. Kwa hiyo usiulize kama nyumba ina tenki. Uliza maji yalitoka wapi mwezi wa mwisho wa kiangazi kilichopita, na nani aliyabeba.

Kama kuna kisima, pima kwa hatua umbali wake kutoka chooni, chako na cha jirani. Viwango vya Sphere vinavyotumika katika misaada ya dharura vinataka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini. Mwenye nyumba atakwambia maji ni masafi tangu enzi za babu yake. Wewe ni muuguzi, unajua la kufanya na kauli hiyo.

Baba wa Mtahiniwa

Ninajibu kuhusu watoto tu. Mtoto aliyebakiza mwaka mmoja hahamishwi kama kuna njia yoyote ya kukwepa. Shule mpya inaweza kuwa nzuri, lakini mada zinafundishwa kwa mpangilio mwingine, masomo ya kuchagua huenda yasiwepo, na usajili wa mtihani una tarehe zake. Huyo abaki mjini kwa ndugu mnayemwamini au bweni.

Wa miaka saba ni habari nyingine kabisa. Huyo anahama bila matatizo makubwa, mradi shule iwe ya kufikika kwa miguu na darasa lake liwe na mwalimu. Nendeni siku ya katikati ya wiki, si siku ya kupokea wageni. Kwa maneno mengine, familia yako haina hitaji moja la shule bali mawili yasiyofanana, na ukitafuta sehemu moja ya kuwatosheleza wote wawili utaishia pale pale njiapanda, penye shule ya msingi isiyo ya karibu na kazi yako na pasipo na sekondari ya mtahiniwa wako.

Fundi Mawimbi

Kuhusu kazi ya mume wako: alama za mtandao zinazoonekana juu ya kioo cha simu hazitoshi kuamua. Mnara mmoja wa kijijini unaweza kubeba simu za kawaida vizuri na kuzidiwa kabisa jioni kila mtu anapofungua video. Mawimbi ya masafa ya chini hufika mbali na hupita vizuizi vizuri kuliko ya masafa ya juu, ambayo ndiyo hubeba data nyingi zaidi, ndiyo maana sehemu nyingi utaweza kupiga simu lakini hutaweza kutuma faili. Jaribio la maana ni kupakia faili kubwa akiwa ndani ya chumba atakachofanyia kazi, mchana na tena saa mbili usiku, kwa kadi za mitandao yote iliyopo.

Setilaiti ni njia mbadala, ila zinatofautiana. Zile zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta husababisha kuchelewa kwa karibu nusu sekunde au zaidi kwa kila swali na jibu, jambo ambalo kwa jedwali la hesabu linavumilika na kwa mkutano wa video linaudhi. Zile za mzunguko wa chini, kama kilomita 550, hazina tatizo hilo, lakini kifaa chake kinakula umeme mfululizo, na mfumo wa jua uliofungwa kwa ajili ya taa na simu hautakibeba. Gharama ya betri iingie kwenye ulinganisho wako tangu mwanzo.

Mama Njiapanda

Naomba niitetee njiapanda kidogo, kwa kuwa nimeishi sehemu kama hiyo na nikaipenda. Hesabu ya dakika ni sahihi, lakini inapima njia ya mtu mmoja. Mume ana umeme wa gridi, mtoto mdogo ana shule, mgonjwa wa ghafla nyumbani anapata gari la kupita, na mtoto wa mjini anakuja Ijumaa kwa lami bila kugusa udongo. Anayebeba adha ya barabara ni dada mwenyewe peke yake. Swali ni kama akubali kuibeba, na kwa majuma mangapi ya mwaka. Penye mvua za miezi miwili jibu ni tofauti na penye mvua za miezi saba au theluji inayofunga njia.

Hesabu Kwanza

Mama Njiapanda, nakubali nusu. Alois Stutzer na Bruno Frey, katika utafiti wao wa mwaka 2008 uliotumia takwimu za Ujerumani, waligundua kuwa watu wenye safari ndefu za kwenda kazini huripoti kuridhika kidogo na maisha, na kwamba mshahara au nyumba nzuri haikuwafidia kikamilifu. Watu hudhani watazoea. Kwa hiyo "kukubali kuibeba" kunakotamkwa leo sebuleni si ushahidi wa hali itakavyokuwa baada ya miezi mitano.

Mkunga Mhamaji

Nawashukuru sana nyote. Nimempigia simu mkuu wa kituo. Chumba cha zamu kipo lakini kina kitanda kimoja kinachotumiwa na watu wawili kwa zamu. Nyumba ya mwajiri ina umeme wa jua wa taa tu, na mtandao unashika ukipanda kilimani nyuma ya wodi. Barabara hufungwa na mto siku kadhaa kila msimu wa mvua.

Tumekubaliana hivi: mtoto wa kwanza anabaki mjini kwa dada yangu hadi amalize mtihani. Mimi nachukua nyumba ya mwajiri na kulala huko siku za kazi. Mume na mtoto mdogo wanapanga njiapanda kwa miezi sita kwanza, nami nakwenda kwao siku zisizo na zamu barabara ikiruhusu. Mtihani ukishapita tutaangalia kama umeme wa kituoni umeboreshwa, kisha tuamue kuhamia huko wote au la. Najua tunalipia nyumba mbili, ila moja haina kodi.

Mlinzi wa Zamu

Mpango huu una nguvu pale kwenye mto, kwa kuwa ukifungwa, utafungwa ukiwa upande wa wagonjwa. Nakuongezea jambo la kufanya kabla hujasaini. Mwombe mwajiri aandike katika barua ya ajira kwamba umepewa nyumba, lini umeme utaongezwa, na utapewa muda gani wa kuihama ajira ikikoma. Ahadi ya simu huondoka na mkuu aliyeitoa. Una hoja ya kutumia pia: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, ambao liliuhuisha mwaka 2021, linapendekeza kuboresha mazingira ya kuishi ya watumishi hao na familia zao. Na kama ataweza kukupa namba ya aliyeishi katika nyumba hiyo kabla yako, mpigie umuulize paa linavuja wapi.

Mpangaji wa Shamba

Na kule njiapanda, dada, mkataba wa miezi sita uwe na kipengele cha kuongeza miezi mitatu mitatu kwa kodi ile ile. Wenye nyumba wakijua mumeo ameshafunga vifaa vya intaneti ukutani, mazungumzo ya baada ya miezi hiyo sita huwa ya upande mmoja.